Shajara ya Mradi: Kutenga Chembe Nano za Tangawizi kwa Ajili ya Kubebea Dawa

Januari: lengo na vifaa

Mradi huu, unaofanyika katika maabara ya chuo hapa Kisumu, una maswali mawili. La kwanza ni kama tunaweza kutenga, kutoka kwa tangawizi mbichi ya sokoni, vifuko vidogo vyenye utando wa lipidi, yaani mafuta, ambavyo kwa kawaida huitwa chembe nano za mimea, tukitumia vifaa tulivyo navyo. La pili ni kama vifuko hivyo, vikishasafishwa, vinaweza kubeba dawa isiyoyeyuka vizuri majini na kuifikisha utumboni ikiwa nzima. Shajara hii inaandikwa ili wanafunzi watakaoupokea mradi wasilazimike kuanza upya, na pia kwa sababu makala nyingi nilizosoma hueleza kwa urefu namna chembe zilivyopatikana, lakini hugusia kwa haraka mno namna watafiti walivyojiridhisha kwamba walichokipata ni chembe kweli.

Kwamba seli za mimea hutoa vifuko vya namna hii si habari mpya. Mwaka wa 1967 Halperin na Jensen walivieleza baada ya kuchunguza seli za karoti kwa hadubini ya elektroni. Kilichochelewa ni wazo la kuvitumia kubebea dawa. Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Louisville, Marekani, walichapisha kazi yao kuhusu balungi: walichukua lipidi za chembe za tunda hilo, wakaziunda upya kuwa vifuko, kisha wakavipakia dawa. Mwaka wa 2016 kundi la Chuo Kikuu cha Georgia State huko Atlanta lilifanya kazi kama hiyo kwa tangawizi, likilenga ugonjwa wa uvimbe wa utumbo na saratani ya utumbo mpana. Kazi hizo zilivutia kwa sababu lipidi zake ni za chakula ambacho watu wamekila vizazi hata vizazi, na kwa sababu chembe zenyewe huonekana kustahimili safari ya tumboni kuliko tulivyotarajia.

Sababu ya kuufanyia mradi huu hapa ni ziwa. Kichocho cha Schistosoma mansoni kimeenea katika vijiji vya mwambao, na dawa yake, prazikwanteli, ni chungu, haiyeyuki vizuri majini, na sehemu kubwa yake huvunjwavunjwa na ini kabla haijaenea mwilini. Pendekezo la awali la mradi lilisema kwamba tutaipakia prazikwanteli ndani ya chembe za tangawizi. Ninaliandika hapa kama lilivyo, kwa kuwa litajadiliwa tena mwezi Mei.

Kuhusu vifaa, hatuna sentrifyuji (mashine inayozungusha sampuli ili vilivyo vizito vitue) ya kasi ya juu kabisa. Taratibu nyingi zilizochapishwa hutumia nguvu ya mara 100,000 hadi 150,000 ya uvutano wa dunia ili chembe zitue. Sentrifyuji yetu yenye ubaridi ina kichwa cha nusukipenyo cha sentimita 8, na hufikia mizunguko 14,000 kwa dakika, yaani takribani mara 17,500 ya uvutano. Hesabu hiyo hutokana na kuzidisha 0.00001118 kwa nusukipenyo kwa sentimita, kisha kwa mraba wa mizunguko kwa dakika. Anayeandika katika ripoti yake mizunguko kwa dakika peke yake, bila nusukipenyo, hajamwambia msomaji lolote, na nimeshakutana na ripoti nyingi za aina hiyo.

Pengo kati ya 17,500 na 100,000 halimaanishi kwamba kazi haiwezekani. Kasi ya chembe kutua hulingana na mraba wa kipenyo chake, kwa hiyo chembe yenye nusu ya kipenyo huhitaji muda mara nne. Kwa mashine yetu, chembe ya nanomita 200 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) itatua kwa muda unaovumilika, lakini ile ya nanomita 50 itataka muda mrefu kiasi kwamba protini zitaanza kuharibika na kugandamana kabla haijafika chini. Ndiyo maana tumeamua kutotegemea kasi peke yake.

Januari, mwishoni: malighafi

Tangawizi inanunuliwa katika soko la Kibuye. Wauzaji wanasema nyingi huingia kutoka Uganda kupitia Busia, na hatuna sababu ya kuwabishia, ingawa kwa kazi ya kisayansi jina la soko halitoshi. Kwa hiyo kila ununuzi unaandikiwa siku, muuzaji, uzito, na hali ya ganda, na kipande kimoja hugandishwa na kuwekwa akiba. Nilipomwomba mama mmoja anitengee tangawizi changa yenye ganda jembamba, alinitazama kwa mashaka. "Hiyo haina ukali, daktari," alisema. "Wa chai huchukua iliyokomaa." Alikuwa na haki kwa upande wa chai. Kwa upande wetu, iliyokomaa ina nyuzi na wanga mwingi unaoziba vichujio, na iliyokaushwa haifai kabisa kwa sababu ukaushaji huvunja tando tunazozitafuta.

Tutatumia zote mbili, changa na iliyokomaa, lakini hatutazichanganya katika sampuli moja. Kutoka sokoni hadi maabara hubebwa ndani ya sanduku la barafu, maana joto la Kisumu mchana halikubaliani na vimeng'enya vinavyogeuza juisi kuwa ya kahawia.

Leseni ya utafiti ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu imepatikana. Kwa kuwa tunatumia zao la chakula linalouzwa sokoni, upande huu umekuwa mwepesi. Atakayetaka kuhamia mshubiri wa porini ajue kwamba spishi za mshubiri, isipokuwa Aloe vera, zimo katika viambatisho vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, nyingi zikiwa katika cha Pili na chache katika cha Kwanza, na asianze kukusanya kabla ya kuuliza.

Februari: kutoka juisi hadi maji ya manjano

Utaratibu uliotulia ni huu. Tangawizi huoshwa, humenywa, hukatwa, husagwa kwa blenda pamoja na bafa ya fosfeti iliyopozwa (maji ya chumvi yanayozuia pH isibadilike), kwa vipindi vifupi ili isipate joto. Juisi huchujwa kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa, kisha huzungushwa kwa mara 500 ya uvutano kwa dakika 10, mara 3,000 kwa dakika 20, na mara 10,000 kwa dakika 40. Kila mara tunatupa mashapo na kubaki na maji ya juu, yote yakiwa kwenye nyuzijoto 4.

Mashapo ya mzunguko wa kwanza ni meupe, mazito, na karibu yote ni wanga. Tunalithibitisha hilo kwa tone la iodini, ambalo hugeuka bluu iliyokolea. Jaribio hili la shule ya upili limekuwa na faida kuliko nilivyodhani, kwa sababu tunalirudia kwenye maji ya juu ya kila hatua. Kama bluu inaonekana baada ya hatua ya mara 3,000, sampuli hairuhusiwi kuendelea. Punje za wanga zina ukubwa wa mikromita na hutua upesi, lakini vipande vyake vilivyovunjwa na blenda ni vidogo zaidi, navyo vikiachwa vitahesabiwa baadaye kama chembe nano.

Kuna jambo la kimsingi ambalo ni lazima lisemwe wazi kuhusu blenda. Inapovunja seli, haitoi vifuko ambavyo seli ilikuwa imevitoa nje peke yake. Inatoa pia vipande vya utando wa seli, vya mitokondria zinazozalisha nishati ya seli, na vya tando nyingine za ndani ya seli, ambavyo hujikunja vyenyewe kuwa vifuko kwa kuwa lipidi hazipendi kubaki na kingo wazi majini. Mtafiti anayetaka kujua mawasiliano ya seli za mmea angelazimika kufanya kama Rutter na Innes walivyofanya katika kazi yao ya mwaka wa 2017, yaani kuosha nafasi zilizo baina ya seli za jani bila kulisaga. Sisi tunataka mbebaji wa dawa, kwa hiyo mchanganyiko huo hautuzuii, ila unatunyima haki ya kudai kwamba chembe zetu zote zina asili moja.

Machi: polietilini glikoli

Mbadala wa kasi kubwa ni kuongeza polietilini glikoli yenye uzito wa molekuli 6,000, ambayo maabara huiita PEG. Njia hii imetumiwa kwa miongo mingi kuvunia virusi, na mwaka wa 2020 ilichapishwa mahususi kwa tangawizi. PEG haishikamani na chembe. Inajaza nafasi ya maji kama abiria wanavyojaza matatu ya jioni, hata vitu vikubwa vikasukumwa pamoja na kuungana, kisha vikatua kwa nguvu ndogo tu ya mara 8,000 kwa nusu saa. Ukiacha mchanganyiko kwenye friji usiku kucha, asubuhi unapata mashapo ya rangi ya manjano iliyofifia.

Tulilinganisha kiwango cha asilimia 8, 10, 12 na 15. Kadiri PEG ilivyoongezeka, ndivyo mashapo yalivyoongezeka, na mtu mwenye haraka angechagua 15 akafurahia mavuno. Lakini kipimo cha protini kilipanda kwa kasi kuliko kipimo cha fosfolipidi, lipidi zinazojenga utando, yaani sehemu kubwa ya kilichoongezeka haikuwa utando. Uwiano wa lipidi kwa protini ndio kipimo tulichokubaliana kukifuata, na kwa uwiano huo asilimia 10 ilikuwa bora. Kushusha pH hadi karibu 5 kuliongeza mavuno, jambo ambalo limeripotiwa na wengine pia, lakini katika pH hiyo protini nyingi za mimea hukaribia kupoteza chaji yake na kuzama zenyewe. Tumeamua kubaki karibu na pH 6 na kukubali mavuno madogo.

Kipimo cha protini chenyewe kinahitaji uangalifu. Rangi ya Bradford, inayotumika kupimia protini, huathiriwa na fenoli za tangawizi pamoja na sabuni za maabara, kwa hiyo kila usomaji unaambatana na sampuli ambayo protini yake imeondolewa. Bila hivyo, ukali wa tangawizi unahesabiwa kuwa protini.

Machi, mwishoni: nini kimeonekana, na nini kimethibitishwa

Mashapo yaliyoyeyushwa upya yalipimwa kwa mtawanyiko wa mwanga. Mashine ilitoa mchoro mzuri wenye kilele kimoja, kipenyo cha wastani kikiwa kidogo juu ya nanomita 200, na chaji ya uso ikiwa hasi, kama inavyotarajiwa kwa utando wenye asidi ya fosfatidiki nyingi, ambayo ni lipidi yenye chaji hasi. Mwanafunzi aliyekuwa zamu alitaka tuuweke mchoro huo kwenye bango la mkutano. Nilikataa, na sababu zangu ninaziandika hapa kwa kuwa ndizo uti wa mgongo wa mradi.

Kwanza, mashine hii haihesabu chembe. Inasoma mwanga uliotawanywa. Kwa chembe zilizo ndogo sana kuliko urefu wa wimbi la mwanga, nguvu ya mtawanyiko hulingana na kipenyo kilichopandishwa kwa kipeo cha sita, kwa hiyo chembe yenye kipenyo mara mbili hutawanya mwanga mara 64. Chembe chache kubwa zinaweza kuficha umati wa ndogo, na kilele kimoja hakimaanishi kundi moja. Pili, na hili ndilo kubwa, mashine haijui kama kilichotawanya mwanga ni kifuko, bonge la protini, kipande cha wanga, au matone ya mafuta ya tangawizi. Vyote hivyo vina kipenyo, na vingi vina chaji hasi.

Kwa hiyo kila sampuli sasa inapitia majaribio matatu kabla ya kuitwa chembe. La kwanza ni sabuni: tunaongeza Triton X-100 hadi asilimia 1 na kupima tena. Kilichojengwa kwa utando wa lipidi kinapaswa kuyeyuka, kilele chake kitoweke, na kibaki kile kidogo cha karibu nanomita 10 ambacho ni cha mafundo ya sabuni yenyewe. Bonge la protini au wanga haliondoki kirahisi hivyo. La pili ni bafa yenye PEG bila tangawizi, iliyopitishwa katika hatua zote, ili tujue vumbi na mabaki ya vichujio vinachangia nini. La tatu ni juisi iliyochemshwa kwanza, ambayo protini zake zimeganda kabla ya uvunaji.

Sampuli za asilimia 15 ya PEG ndizo zilizofichuliwa na sabuni. Baada ya Triton X-100 sehemu kubwa ya mtawanyiko ilibaki palepale, ilhali zile za asilimia 10 zilipoteza sehemu yake kubwa, ingawa si yote. Kile kilichobaki ndicho kilichotupeleka kwenye safu.

Aprili: safu ya kuchuja kwa ukubwa

Tumejaza safu ya kioo yenye mililita 10 za shanga za Sepharose CL-2B. Chembe kubwa haziingii katika vitundu vya shanga, hivyo hupita kando na kutoka mapema, mara tu theluthi ya ujazo wa safu inapokuwa imepita. Protini na mabaki ya PEG huzunguka ndani ya vitundu na kuchelewa. Tunakusanya nusu mililita kwa kila bomba, na katika kila bomba tunapima fosfolipidi, protini, na mtawanyiko wa mwanga.

Matokeo yamekuwa ya kuridhisha kuliko hatua yoyote iliyotangulia. Vilele vya lipidi na vya protini, ambavyo katika mashapo ghafi vilikuwa kitu kimoja, sasa vimeachana, na mabomba ya mapema yanapoguswa na sabuni hupoteza karibu mtawanyiko wote. Rangi ya manjano nayo imegawanyika: sehemu ndogo inafuatana na chembe, nyingi inabaki nyuma. Gharama ya usafi huu ni kwamba tunapoteza sehemu kubwa ya mavuno, na kwamba sampuli inatoka ikiwa imezimuliwa. Ninaiona kuwa gharama halali. Chembe chache zinazojulikana ni bora kwa hatua ya kupakia dawa kuliko chembe nyingi zilizozungukwa na protini ambazo nazo hushika dawa na kutudanganya.

Katika mwezi huu umeme ulikatika usiku zaidi ya mara moja, na jenereta ya jengo haihudumii chumba cha majokofu. Tangu hapo sampuli za akiba zinagawanywa katika vichupa vidogo vyenye sukari ya trehalosi na kugandishwa kwa nyuzijoto 80 chini ya sifuri, na kichupa kilichoyeyuka hakigandishwi tena. Tando hupasuka na kuungana upya kila zinapoganda na kuyeyuka, kisha huonekana kubwa kuliko zilivyokuwa.

Picha za hadubini ya elektroni zimetoka Nairobi. Tuliomba rangi ya asidi ya fosfotangstiki badala ya asetati ya urani, ambayo ni ya mionzi na ina masharti ya usafirishaji. Chembe zinaonekana za mviringo, nyingi zikiwa zimebonyea katikati mfano wa kikombe. Umbo hilo la kikombe linatokana na kukaushwa kwa sampuli kabla ya kupigwa picha, si umbo lake majini, na lisielezwe vinginevyo katika tasnifu ya mtu yeyote.

Mei: kurkumini

Kabla ya dawa yenyewe tulichagua kurkumini, ile rangi ya manjano ya bizari, kuwa dawa ya mazoezi. Haiyeyuki majini, hufyonza mwanga kwa nguvu karibu na nanomita 425, mahali ambapo jinjeroli, kemikali zinazoipa tangawizi ukali, hazisumbui, na ni rahisi kupatikana. Prazikwanteli ingetupa taabu ya kupimwa tangu mwanzo: hufyonza mwanga kwa udhaifu karibu na nanomita 263, ilhali jinjeroli hufyonza karibu na 280, kwa hiyo spektrofotomita yetu, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa, isingeweza kuzitenganisha.

Upakiaji ulifanywa kwa njia mbili. Katika ya kwanza, kurkumini iliyoyeyushwa kwa ethanoli kidogo iliongezwa kwenye chembe, ikatikiswa, kisha kilichobaki nje kikaondolewa. Katika ya pili, lipidi zilitolewa kwa klorofomu na methanoli kwa njia ya Bligh na Dyer ya mwaka wa 1959, zikachanganywa na kurkumini, zikakaushwa kuwa utando mwembamba ndani ya chupa, kisha zikaloweshwa kwa bafa ili zijikunje kuwa vifuko vipya. Njia ya pili ndiyo iliyo karibu na ile ya Louisville.

Hesabu ya kawaida ya ufanisi wa upakiaji ni rahisi: unazungusha sampuli kwenye sentrifyuji, unapima kurkumini iliyobaki juu, na kusema kwamba iliyobaki chini imo ndani ya chembe. Kwa hesabu hiyo tungeripoti ufanisi wa kupendeza sana. Lakini tulikuwa tumeweka bomba la kulinganishia lisilokuwa na chembe hata moja, lenye bafa, ethanoli na kurkumini peke yake, na bomba hilo nalo lilionyesha karibu kurkumini yote ikiwa chini. Kurkumini inapokutana na maji hujikusanya yenyewe kuwa chembe, baadhi zikiwa na ukubwa uleule wa nanomita mia kadhaa, na hutua zenyewe. Kipimo cha mtawanyiko wa mwanga kilizipa hata kipenyo na chaji hasi. Ninashuku kwamba sehemu fulani ya ufanisi mkubwa unaoripotiwa kwa dawa zisizopenda maji ni ya aina hii.

Tulihitaji kipimo kinachotofautisha kurkumini iliyo ndani ya utando na ile iliyojikusanya kando, na sifa mbili za kurkumini zenyewe zilitusaidia. Ndani ya maji humetameta kwa udhaifu, lakini ndani ya utando wa lipidi mng'ao wake huongezeka sana na kilele chake husogea kuelekea urefu mfupi wa wimbi, karibu na nanomita 500. Pia, katika bafa ya pH 7.2 na joto la mwili, kurkumini huru huharibika kwa sehemu kubwa ndani ya nusu saa, ilhali iliyojificha ndani ya utando hudumu zaidi. Tulipima vyote viwili. Sampuli za lipidi zilizoundwa upya ziling'aa na kudumu. Sampuli za kutikisa ziling'aa kwa kiasi, na baada ya kupitishwa tena kwenye safu ziliacha sehemu kubwa ya manjano yake nyuma. Kuanzia sasa upakiaji unaripotiwa kwa sampuli zilizopita kwenye safu tu, baada ya kuondoa kile ambacho bomba lisilo na chembe limeonyesha.

Mei, mwishoni: hesabu ya dozi

Kazi ya kurkumini ilipokamilika nilikaa na msimamizi wa mradi kupanga hatua ya prazikwanteli, na kabla ya kuagiza chochote tulifanya hesabu kwenye ubao.

Dozi ya kawaida ya prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 800, yaani kidonge cha miligramu 600 na theluthi ya kingine. Tuchukulie kwa ukarimu kwamba chembe zetu zinabeba dawa kwa asilimia 10 ya uzito wake. Mtoto huyo angehitaji gramu 8 za chembe. Tangawizi mbichi ina mafuta ya aina zote yasiyofikia gramu 10 kwa kilo, kwa hiyo hata kama kila tone la mafuta ya tangawizi lingegeuka kuwa kifuko na hakuna kilichopotea kwenye safu, tungehitaji takribani kilo nzima kwa mtoto mmoja kwa dozi moja. Mavuno halisi ni sehemu ndogo tu ya kiwango hicho. Hakuna uboreshaji wa PEG wala wa safu utakaoziba pengo la ukubwa huo.

Zaidi ya hayo, tatizo la uchungu na la ukubwa wa kidonge kwa watoto wadogo limeshapata jibu lililo rahisi kuliko letu. Arprazikwanteli, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa umri wa kabla ya shule, ni kidonge cha miligramu 150 kinachoyeyuka majini; majaribio yake ya awamu ya tatu yalifanyika Kenya na Kodivaa, na Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa maoni ya kuiunga mkono Desemba 2023. Kushindana nayo kwa tangawizi si matumizi mazuri ya fedha za utafiti.

Msimamizi hakukubali mara moja. Alikumbusha kwamba fedha ziliombwa kwa jina la kichocho, na kwamba prazikwanteli ndiyo iliyowashawishi wafadhili. Nilimjibu kwamba hoja ya kichocho ilihusu mahali tulipo, wala si uzito wa dawa, na chembe za aina hii zinafaa dawa zenye dozi ya miligramu chache. Tumekubaliana kuandika barua ya mabadiliko ya mradi yenye hesabu hii ndani yake, bila kuificha katika kiambatisho.

Juni: dawa mpya na mpango wa hatua inayofuata

Dawa iliyochaguliwa ni ivamektini. Nayo karibu haiyeyuki kabisa majini, na inapenda lipidi. Dozi yake ni mikrogramu 200 kwa kilo, kwa hiyo mtu wa kilo 20 anahitaji miligramu 4, ambayo ni sehemu moja ya 200 ya dozi ya prazikwanteli kwa uzito uleule. Kwa upakiaji wa asilimia 10 hizo ni miligramu 40 za chembe, kiasi ambacho maabara yetu inaweza kukifikiria bila kuota. Zaidi ya hilo, minyoo ya Strongyloides, ambayo ivamektini ndiyo dawa yake ya kwanza, huishi katika ukuta wa utumbo mdogo, yaani palepale ambapo chembe za tangawizi zinatarajiwa kufika. Msomaji atauliza kama ivamektini ya kawaida ina upungufu unaohitaji mbebaji. Swali hilo ni halali, na halijibiwi na hesabu ya dozi. Litajibiwa na vipimo vya mwezi ujao.

Upimaji wake hautawezekana kwa spektrofotomita, kwa kuwa hufyonza karibu na nanomita 245, ambako mabaki ya tangawizi nayo hufyonza mwanga. Tumeomba muda wa mashine ya kromatografia ya kimiminika, inayotenganisha kemikali kabla ya kuzipima, katika idara jirani, na safu yake imeshaagizwa.

Mpango wa jaribio la tumbo ni kuweka chembe zilizopakiwa katika maji ya asidi ya pH 2 yenye pepsini, kimeng'enya cha tumboni, kwa nyuzijoto 37 kwa saa mbili, kisha kuzihamishia katika maji ya utumbo yenye chumvi za nyongo. Chumvi za nyongo ni sabuni za mwilini, na kwa maoni yangu ndizo zitakazoamua zaidi kuliko asidi. Tutachukua sampuli kila baada ya muda, tuzipitishe kwenye safu, na kupima dawa iliyobaki na chembe dhidi ya iliyotoka. Tunatarajia chaji hasi ipungue kwenye asidi kadiri asidi ya fosfatidiki inavyopokea protoni, na huenda chembe zikaungana kwa muda. Kuungana huko kutaandikwa kama kulivyo, hata kama kutaharibu mchoro.

Jaribio litakuwa na makundi manne. La kwanza ni chembe za tangawizi zenye ivamektini. La pili ni ivamektini katika bafa bila chembe, kwa sababu ambayo kurkumini ilishatufundisha. La tatu ni chembe tupu. La nne, ambalo msimamizi alisita kulikubali kwa sababu linaweza kuumaliza mradi, ni liposomu za kawaida, yaani vifuko vya lipidi vya maabara, zilizotengenezwa kwa lesithini (lipidi) ya soya iliyonunuliwa, zenye dawa ileile kwa kiwango kilekile. Lesithini ya soya hupatikana kwa kilo, haihitaji kumenywa wala kuchujwa, na ubora wake unafahamika. Ikiwa vifuko vyake vitavuka maji ya nyongo sawasawa na vya tangawizi, barua ya pili itakwenda kwa wafadhili kueleza kwamba, kwa dawa hii, hatuna sababu ya kuendelea kusaga tangawizi. Lesithini imeshafika na imewekwa kwenye friji. Mtungi wa naitrojeni unaohitajika kukaushia lipidi bado unasubiriwa, na hatua hii itaanza utakapojazwa.